Kisiwa Kisicho na Maji

Karibu kila makala kuhusu Busia huanza na jina. Miaka ya sitini, tunaambiwa, vijana wa baiskeli walibeba watu na mizigo kati ya geti la Kenya na la Uganda wakiita "boda, boda", na neno likaenea Afrika Mashariki nzima. Sawa. Shida yangu ni kwamba mwandishi akishafika kwenye jina, anashuka kwenye keria na kwenda zake. Haulizi kwa nini abiria alihitaji baiskeli.

Jibu ni ardhi. Kati ya mageti mawili palikuwa na kipande cha karibu kilomita moja ambacho gari halikukipita bila makaratasi. Baiskeli ilipita tu. Mimi hukiita kisiwa: hakikuzungukwa na maji, kilizungukwa na sheria. Na sheria yenyewe ni ya juzi. Hadi 1902 upande huu ulihesabiwa Uganda, kisha Waingereza wakauhamishia himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande mbili bila kuhama hata boma.

Chuoni, kabla sijaacha, mpaka ulifundishwa kama tarehe na mikataba. Baiskeli inaufundisha tofauti. Toka Busia upite Alupe na Adungosi, kama kilomita thelathini hivi, mpaka Malaba. Huko kuna mto wa kweli, na kuna reli iliyofika Kampala mwaka 1931, lakini kinachokutenga na Uganda ni foleni ya malori. Ukiwa ndani ya matatu, foleni ni kero. Ukiwa kwenye baiskeli unaipita lori moja baada ya jingine, unaona madereva wakipika chai kando ya magurudumu, na unaelewa kwamba mpaka ni muda ambao mtu mwingine anausubiri.

Sasa tulisome jengo. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na marais Kenyatta na Museveni. Unagongewa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja, upande unaoingia. Ukweli usemwe, kinafanya kazi, na dereva wa lori hana sababu ya kukililia kisiwa cha zamani. Lakini ile nafasi ya katikati iliyozaa boda boda imemezwa, na jina lenyewe lilishachukuliwa na pikipiki.

Waliobaki wakilisoma eneo hili kwa mikono, kihalisi kabisa, ni wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Kwenye makala nyingi wanatokea kama picha ya kusikitisha, au kama magendo. Mimi naona warithi wa ile kazi ya kwanza: kuujua mwanya wa sheria na upana wake, na kuupita ukiwa na mzigo.

Ndiyo maana asili ya neno hainitoshi. Wazee waliokanyaga pedeli hapa miaka ya sitini wanazidi kupungua, na wanachokijua ni bei ya safari, uzito wa gunia, na askari gani alikuwa wa kuogopwa. Anayetaka kuandika Busia aanzie hapo. Jina tayari tunalo.