Tundu la Katikati ya Wembe

Chukua wembe wowote wa dukani, ule unaokuja umefungwa kwenye karatasi, uutazame kwa utulivu. Katikati una tundu refu lenye mikato na vishimo, mfano wa tundu la kufuli la kizamani. Nilianza kushika wembe darasa la pili, nikichongea penseli kwa kipande nilichovunjiwa na dada. Nimevuka miaka 40 bila hata mara moja kujiuliza tundu lile ni la kazi gani. Fundi cherehani wa mtaani kwetu hufumulia mishono kwa wembe huo huo. Mama zetu walitukatia kucha kwa huo huo. Kinyozi huuvunja vipande viwili, akachomeka kimoja kwenye kishikio chake cha kukunja, akakuchonga ukingo wa nywele. Hakuna kati yao mwenye haja na tundu. Tundu ni mahali pa kushikiwa, na kile kinachopaswa kuushika wembe hatuna tena nyumbani.

Wazee wetu wengi walikuwa nacho. Ni mashine ndogo ya chuma, kichwa chake kama nyundo ya mtoto, mkono wake mfupi kuliko kijiko cha chai. Babu yangu aliiweka kwenye kopo la tumbaku juu ya kabati, nasi watoto tulikatazwa kuigusa. Mwaka huu nimenunua ya kwangu na kujifunza kuitumia, kwa damu kidogo. Nilichogundua ni kwamba miaka yote tumekuwa tukitumia nusu ya chombo. Nusu ile nyingine inafanya kazi ambayo mkono wa mtu hauwezi, na inachouachia mkono ni kidogo mno, kiasi kwamba shida kubwa ya mwanafunzi ni kufanya kupita kiasi.

Aliyeanzisha haya ni King Camp Gillette, Mmarekani aliyekuwa akizunguka kuuza vizibo vya chupa, vile vya bati tunavyofungua kwenye soda hadi leo. Mbunifu wa vizibo hivyo, William Painter, alimshauri atafute kitu ambacho mtu atakitumia, atakitupa, kisha atarudi kununua kingine. Mwaka 1895 Gillette akiwa anajinyoa alipata jibu. Wembe wa wakati ule, wa kukunja, ulikuwa na mgongo mnene wa chuma, na mgongo huo haunyoi kitu. Kazi yake ni kuyashika makali yasiyumbe. Basi kwa nini mtu anunue chuma chote kile na kukinoa kila asubuhi, wakati anachohitaji ni unywele mmoja wa makali?

Wajuzi wa chuma walimwambia haiwezekani. Ilichukua miaka, na mhandisi aitwaye William Nickerson, kupata njia ya kukifanya chuma chembamba kama karatasi kishike makali. Walipoingia sokoni mwaka 1903 waliuza mashine 51 na nyembe 168, mauzo ambayo hata muuza karanga wa stendi angeyacheka. Hataza ilitoka Novemba 15, 1904. Umbo la wembe limebadilika kidogo sana tangu hapo: urefu milimita 43, upana 22, unene sehemu ya kumi ya milimita. Wembe unaouzwa leo kwenye kibanda cha jirani unaingia kwenye mashine ya enzi zile bila ubishi.

Sasa rudi kwenye unene ule. Bati la sehemu ya kumi ya milimita linayumba. Shika wembe mtupu kwa ncha zake mbili fupi, uubonyeze polepole, utapinda kama jani la mwembe. Kitu cha kuyumba hivyo kikikutana na ndevu ngumu kinacheza, na kikicheza kinakata ngozi. Ili usiyumbe lazima uukaze. Namna walivyoukaza unaijua tayari, maana iko juu ya paa lako: bati bapa ukilisimamisha linalala, bati la mawimbi linabeba fundi. Mkunjo ndio nguvu.

Kifuniko cha mashine kimebinuka, na kitako cha chini yake kimebinuka vivyo hivyo. Pini za kifuniko zinapita kwenye tundu la wembe, zinaingia kwenye kitako, kisha mkono unakazwa kama parafujo. Ukiwa unakaza, tazama kwa pembeni: wembe uliokuwa bapa unainama taratibu, unakuwa upinde, na makali yake mawili yanachungulia pande zote mbili kwa kiasi kisichofika milimita moja. Ukiugonga ukingo wake kwa kijiti hautikisiki. Chini ya makali kuna mwamba wa chuma unaotangulia na kuilaza ngozi, ili makali yakifika yakute uwanja uliotandazwa. Kushika, kupinda, kulaza ngozi: hiyo ndiyo nusu tuliyoikosa.

Jumapili ya kwanza niliingia bafuni na kujiamini kwa mtu aliyenyoa miaka 20 kwa viwembe vya plastiki. Nikabonyeza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na inafaa tueleze kwa nini. Vile vya plastiki vyenye nyembe mbili au tatu mara nyingi vina kichwa kinachocheza, kinajitafutia chenyewe namna ya kulala usoni, hivyo mtu anazoea kusukuma tu. Kichwa cha mashine hii hakichezi. Ukiisukuma, ngozi inatuna katikati ya mwamba na makali, na kilichotuna kinakatwa. Nilitoka na majeraha matatu: kidevuni, chini ya taya la kushoto, na juu ya kikoromeo. La kikoromeo lilitoka damu mpaka chai ikapoa. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza, “Baba Salma, humo ndani umechinja nini?”

Nilikaa na majeraha yale kama fundi aliyerudishiwa redio. La kidevuni lilitokana na urefu wa mvuto: kidevu kinageuka haraka, nami nilikuwa nikivuta sentimita tano kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mwanzoni makali yalikuwa yamelala sawa, na mwishoni yalikuwa yamesimama. La chini ya taya lilikuwa la kubonyeza, basi. La kikoromeo halikuwa na udhuru, maana huwezi kunyoa juu ya mlima. Unaisogeza ngozi ya hapo pembeni kwa kidole, kiasi cha kuishusha mlimani tu, unanyoa ikiwa kwenye bonde, unaiachia irudi.

Somo la mwinamo nililipata Jumapili ya pili, na nililipata kwa sikio. Weka kifuniko shavuni, mkono wa mashine ukiwa umetoka nje moja kwa moja kama msumari ukutani. Hapo haikati kitu. Anza kuvuta kidogo kidogo huku ukiushusha mkono taratibu. Ghafla utasikia sauti kavu, kama mtu anakwangua ukoko wa wali nyumba ya pili. Hapo ndipo makali yamelala kiasi cha digrii 30 juu ya ngozi, na ndipo yanapokata nywele. Endelea kuushusha na sauti inafifia, na sasa unapara ngozi. Wekundu utauona baada ya dakika kumi. Kwa hiyo nyoa redio ikiwa imezimwa.

Ama nguvu, dawa yake ni kushika mkono wa mashine karibu na mwisho, kwa vidole vitatu, kama unavyoshika mkia wa samaki anayeteleza. Ukishika hivyo huwezi kubonyeza hata ukitaka. Mashine yangu ina uzito unaozidi yai la kuku kidogo, na uzito huo unatosha.

Kuna methali tunayotishiana nayo: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nimeisikia kwenye siasa, kwenye ndoa, kwenye mpira, na siku zote nimeichukua kuwa onyo. Kumbe kwa mwenye ndevu ni maelekezo halisi. Unywele mkavu ni mgumu ajabu. Ukinywa maji kwa dakika mbili tatu unavimba na kulainika, na nguvu ya kuukata inapungua sana. Ndiyo maana unyoe baada ya kuoga.

Kuhusu ugumu huo, mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichapisha jambo lililonifurahisha. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe mara 50 hivi, sasa inakuwaje unaufanya wembe uwe butu? Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alikuwa akijinyoa na kupeleka nyembe zake maabara kuzitazama kwa darubini ya elektroni. Waliona kwamba makali hayasagiki taratibu kama tulivyodhani. Yanameguka. Unywele ukiinama kabla ya kukatwa, unayakuta makali kwa upande, na mahali ambapo chuma hakikulingana uimara kipande kidogo kinabanduka. Wembe wangu mimi unanyoa mara nne hadi tano. Ukianza kuvuta, ndevu ndizo zitakuambia, usibishane nazo.

Povu sina mengi ya kusema. Sabuni ya kunyolea na brashi vinatosha, povu liwe zito kama uji wa mtoto, lisiwe na mapovu makubwa. Sabuni ya mche iache kwenye beseni la nguo.

Linalonikera ni maelekezo. Karibu yote yameandikwa na watu wenye ndevu zilizonyooka: pita mara tatu, kwanza kufuata ndevu zinakolala, pili kwa kukatiza, tatu kinyume, huku umeivuta ngozi ikaze kama ngoma. Wiki ya tatu niliyafuata neno kwa neno. Jioni ile uso ulikuwa laini mpaka Salma akanipapasa na kucheka. Jumatano nilihesabu vipele 11 shingoni.

Sababu inaeleweka ukijua ndevu zetu zinavyoota. Unywele wa kipilipili unatoka kwenye shina lililopinda, na ukikatwa unabaki na ncha kali kama mkuki wa mianzi. Ukikua unajikunja, ncha inaigeukia ngozi na kuichoma tena, na mwili unaupiga vita kama mwiba. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ni mbaya zaidi: ukivuta ngozi au kunyoa kinyume, unaukata unywele ukiwa umenyanyuliwa, halafu unaponyoka na ngozi inaumeza, na unaanza kuchimba ukiwa humo humo ndani. Viwembe vya nyembe mbili, vilivyoingia sokoni mwaka 1971, vinafanya hivyo kwa makusudi: wa kwanza unavuta, wa pili unakata. Kwa ndevu zilizonyooka huo ni ufundi. Kwa shingo yangu ulikuwa ugomvi wa miaka 20.

Kwa hiyo kinachoipa thamani mashine hii kwangu ni ule upungufu wanaoulalamikia wengine: haikati chini sana. Wembe ni mmoja, ndevu zinabaki kidogo sana juu ya ngozi, na kidogo hicho ndicho kinachozuia ncha isizame. Sasa napita mara moja kufuata zinakolala, mashavuni mara ya pili kwa kukatiza, shingoni sirudi. Ngozi siikazi. Kwanza, lakini, ilibidi nijue zinakolala wapi. Niliacha siku tatu nisinyoe, nikapitisha kitambaa cha pamba shingoni kila upande. Kinaponata, ndipo kinyume. Upande wa kulia zinashuka kama za watu wengine; wa kushoto zinakwenda sikioni, na chini yake kuna mzunguko kama wa utosini. Ramani hiyo hakuna wa kukuchorea.

Nikimaliza napitisha maji baridi, kisha shabu, lile jiwe jeupe kama barafu ambalo watu wa pwani wanalijua. Spiriti ya saluni inaunguza kila mahali sawasawa. Shabu inawasha pale tu ulipokosea. Nalipitisha polepole na kusoma: leo taya limewasha, maana yake nilibonyeza, leo kidevu kimetulia.

Wembe uliokwisha unaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko. Marekani nyumba nyingi za zamani zilikuwa na kijitundu kwenye kabati la bafuni, wembe unatumbukizwa, unadondoka ndani ya ukuta, na mafundi wanaobomoa kuta hizo leo wanakutana na lundo la kutu. Sisi tulio na wadogo wanaochokonoa majalala, kopo ni bora. Na mashine usiazimane, hata na ndugu. Mabango ya UKIMWI yalitufundisha hilo zamani, na homa ya ini nayo haichagui.

Juzi nilikwenda saluni kupunguza nywele za kichwani. Kijana alipomaliza akanipapasa chini ya taya, akakunja uso.

“Mzee, huku zimebaki.”

“Ziache.”

“Nikupitishie wembe kidogo tu, zitoke zote.”

Alikuwa ameshauvunja. Nusu moja mkononi, nusu nyingine juu ya meza kando ya kitana, na lile tundu limegawanyika katikati.