Mshauri Asiyetujua

Siku hizi mshauri mpya ameingia nyumbani mwetu. Hatuli naye meza moja, wala hajui majina yetu. Lakini neno lake lasikilizwa kuliko la baba mzazi. Ndiye msemaji mashuhuri wa televisheni. Yafaa tumpime, tukimpa haki yake.

Tumwangalie Daktari Mehmet Oz wa Marekani, ambaye kipindi chake kilionyeshwa tangu 2009 hata 2022. Ni mpasuaji wa moyo kweli, si laghai wa sokoni. Husema waziwazi, tena kwa uchangamfu. Hiyo ni karama, na madaktari wengi wangefaa kujifunza kwake.

Lakini tutazame mashauri yenyewe. Mwaka 2014 jarida la waganga la Uingereza, British Medical Journal, lilichapa uchunguzi wa mashauri 80 ya kipindi hicho. Katika kila 100, 46 yalikuwa na ushahidi, 15 yalipingwa na ushahidi, na 39 hayakuonekana kuwa na ushahidi wowote. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alifika mbele ya kamati ya Seneti, na Seneta Claire McCaskill akamkemea kwa kuzisifu dawa za kukondesha, kama ile ya kahawa mbichi, kana kwamba ni muujiza. Kosa si uongo mtupu. Kosa ni kwamba maneno ya hakika na ya kubahatisha yalitoka kwa sauti moja, na mtazamaji hana njia ya kuyatenga.

Tena msemaji wa namna hii hawezi kuuliza: Mama, waumwa tangu lini? Wameza dawa gani? Hapa Makomeno jamaa yetu mmoja, mjane, alimsikiliza mshauri wake kila jioni baada ya Rozari. Akaviacha vidonge vya shinikizo la damu, akanywa maji ya vitunguu saumu. Wanawe walipomwonya alijibu, "Bwana yule amesoma kuliko ninyi." Leo mkono wake wa kuume hauinuki. Hatumcheki. Kwa daktari alipewa dakika chache; mbele ya kioo alipewa jioni nzima.

Lubumbashi yetu yajua njia nyingine. Kundi la Mufwankolo, redioni na kisha kwenye televisheni, lilionyesha makosa ya nyumba zetu kwa Kiswahili chetu. Watu walicheka, kisha wakabishana. Michezo ile iliwaachia watazamaji akili zao. Mashauri ya siku hizi yawataka waziweke kando.

Mtakatifu Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime yote, wakilishika lililo jema. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, amtaka mgonjwa asali, kisha ampe daktari nafasi yake. Basi televisheni isikilizwe. Lakini kabla ya kuanza dawa au kuiacha, shauri lipelekwe kwa mtu awezaye kukushika mkono na kukupima. Na mzee akaaye peke yake mbele ya kioo, tumtembelee.