Kuchagua Felti ya Vizimio vya Piano

Mnunuzi wa piano ya mlalo huonyeshwa nyundo, waya na ubao wa sauti. Vizimio ni nadra kuonyeshwa, ilhali ndivyo vinavyoamua noti itaisha vipi. Kidole kikiachia kibao, kizimio hushuka na felti yake huzinyamazisha waya.

Katika piano ya wima springi hukisukuma kizimio. Katika ya mlalo hushuka kwa uzito wake, basi felti lazima iwe laini kiasi cha kuzikumbatia waya bila kushurutishwa. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanaisifu felti nene na ngumu kana kwamba ni ya nyundo. Felti ya nyundo hushindiliwa ikakaza; ya kizimio hutaka sufu ya nyuzinyuzi ndefu, iliyoshindiliwa kwa kiasi. Ibane kwa vidole viwili. Inatakiwa ibonyee, kisha irudi. Chomoa kijinyuzi ukingoni. Kikitoka kifupi kama vumbi, iache dukani.

Rangi isikudanganye. Tabaka jekundu unaloliona ukichungulia ndani ya piano liko mgongoni mwa felti nyeupe, wala haligusi waya. Wauzaji wanajua macho yanapenda wekundu. Wewe tazama ukingo: kisu butu huuminya na kuufanya mgumu, na ukingo mgumu hukwaruza waya.

Umbo nalo lina lake. Noti za juu hutumia felti bapa, na zile za juu kabisa hazina vizimio, kwa kuwa waya zake fupi hunyamaza upesi zenyewe. Besi ndiyo yenye kazi. Noti ya waya mbili hutaka kabari inayoingia katikati yake. Ya waya tatu hutaka kabari iliyopasuliwa, ijaze nafasi mbili. Kabari nene mno huzitanua waya na kunasa, kisha ikiinuka hutoa mlio wa zii. Nyembamba mno huelea, na sauti huvuja.

Felti ikishabandikwa, hukumu ni ya sikio. Piga noti ya besi kwa nguvu, uachie kibao polepole. Inapaswa kufifia bila mkwaruzo wala mluzi. Kisha kanyaga pedali ya kulia, piga akordi, uiachie pedali taratibu: noti zote zinyamaze pamoja. Moja ikibaki inalia, usikimbilie kulaumu felti. Mara nyingi ni waya inayobeba kizimio iliyopinda, au kichwa cha kizimio kimekaa upande.

Felti ya zamani iliyochimbika mifereji na kukauka wengine huifufua kwa sindano. Hilo husaidia kwa muda mfupi, na mimi silipendi. Nondo wakiwa wamekwisha ingia, badilisha sehemu nzima, si kipande kimoja kimoja, maana mpya na kuukuu havizimi sawa. Gundi iwe kidogo sana: ikipenya, huigeuza felti nzuri kuwa ubao.