Koti Jeusi Lililogeuka Urujuani

Mnamo Septemba 2006, mwezi wa maonyesho ya Photokina mjini Köln, kampuni ya Leica ya Ujerumani iliitoa hadharani kamera iliyopewa jina la M8, ya kwanza ya dijitali katika ukoo wa M ambao asili yake ni mwaka 1954. Na kwa kuwa bei yake ilikaribia dola 4,800 za Marekani pasipo hata lenzi, walioinunua walikuwa watu wenye macho ya kuchungua, wasioridhika na chombo kwa sababu ya nasaba yake tu. Haukupita muda ila malalamiko yakaanza kusikika, nayo yalikuwa ya ajabu kidogo: koti jeusi la bwana harusi limetoka katika picha lina rangi ya urujuani, begi jeusi la nailoni limekuwa la zambarau, ilhali kuta, vitambaa vya meza na shati jeupe lililo chini ya koti lile lile vimetoka kama vilivyo.

Desturi ya mpiga picha aonapo rangi zimepotoka ni kukimbilia urekebishaji wa weupe, yaani ile mizani ambayo kamera huitumia kuamua kipi kihesabiwe kuwa cheupe chini ya jua, chini ya kivuli au chini ya taa. Na desturi hiyo si mbaya, maana aghalabu kosa huwa ni hapo. Illa katika kesi hii hoja moja ndogo iliifuta tuhuma hiyo kabisa. Mpige picha mtu aliyekaa chini ya taa ya balbu ya waya, amevaa koti jeusi la sufu na juu yake mkanda mweusi wa nailoni, weusi wawili wanaogusana, wanaopata mwanga mmoja, wanaopita katika lenzi moja na kuandikwa katika faili moja. Kisha utazame, uone sufu imebaki nyeusi na mkanda umekuwa urujuani. Mizani ya weupe huitendea picha nzima jambo moja, haibagui uzi na uzi. Maadamu weusi mmoja umesalimika na wa pili umeharibika, kosa haliwezi kuwa katika mizani, wala katika programu ya kusafishia picha, wala katika kioo cha kompyuta. Ni lazima liwe katika kitu ambacho kwacho nguo hizi mbili zinatofautiana kabla mwanga haujafika kwenye kamera, na ambacho jicho la binadamu halikioni.

Kitu hicho ni mionzi ya infraredi. Jicho letu huona mwanga ambao mawimbi yake yana urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, lakini silikoni, ambayo ndiyo mama wa kihisi cha kamera, huhisi mpaka karibu na 1,100. Na rangi nyingi zinazotiwa katika nyuzi za viwandani, kama nailoni na poliesta, hunywa mwanga unaoonekana zikawa nyeusi machoni petu, kisha zikaurudisha nje ule usioonekana kwa wingi. Nguo hiyo, mbele ya kihisi kisicho na kinga, si nyeusi hata kidogo. Balbu ya waya nayo huzidisha fitina, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu yake hutoka kwa sura ya infraredi, na ndiyo maana malalamiko mengi yalitoka katika karamu za usiku.

Kwa nini basi urujuani, wala si kijani au manjano? Hapa patatusaidia hesabu ya mfano tu. Juu ya kihisi pana vichujio vidogo vidogo vya nyekundu, kijani na samawati, kimoja kwa kila pikseli, mpango ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976; na vichujio hivyo, ingawa hutenganisha rangi vizuri, mbele ya infraredi huwa kama vioo vitupu. Tuseme kitambaa cheusi kingepaswa kusomwa 2 katika nyekundu, 4 katika kijani na 2 katika samawati, kisha kamera, kwa kujua kwamba kihisi chake ni hodari zaidi katika kijani, izidishe nyekundu na samawati mara mbili: jibu ni 4, 4 na 4, yaani weusi safi. Sasa infraredi iongeze 12 katika kila moja. Tunapata 14, 16 na 14. Kamera izidishe kama kawaida yake, nasi tunapata 28, 16 na 28. Nyekundu na samawati zimepanda, kijani kimeachwa nyuma, na mchanganyiko huo ndio ule urujuani. Kamera haikukosea hesabu. Iliongezewa kitu kisichokuwa chake.

Karibu kila kamera ya dijitali huwekewa mbele ya kihisi kioo cha kuizuia mionzi hii, na M8 nayo ilikuwa nacho, ila chake kilikuwa na unene wa nusu milimita tu. Wengine walidhani ni uzembe; mimi naona ni uamuzi, tena uamuzi wenye sababu. Lenzi za ukoo wa M hukaa milimita 27.8 tu kutoka mahali picha inapoangukia, wakati zile za Nikon zenye kioo cha kuinuka na kushuka hukaa milimita 46.5, na baadhi ya lenzi za M zenye kuona upana huingia ndani zaidi kwa nyuma yao. Miale inayokwenda pembeni mwa kihisi hufika imelala sana. Ikipita katika kioo kinene kwa mshazari namna hiyo, hupinda, na ukali wa picha hupotea katika pembe zake, jambo ambalo mnunuzi wa lenzi za Leica halivumilii. Kodak, waliokitengeneza kihisi hicho cha megapikseli 10.3, walikuwa wamekwisha kuzisogeza lenzi ndogo ndogo zilizo juu ya pikseli za pembeni ili ziikabili miale hiyo ya mshazari. Kioo chembamba kilikuwa ni sehemu ya dawa hiyo hiyo. Mafundi waliununua ukali wa pembe kwa rangi ya nguo nyeusi. Biashara hiyo ina utetezi wake, lakini lau mnunuzi angeambiwa tangu mwanzo kwamba kamera hii haikamiliki bila kichujio mbele ya lenzi, manung'uniko yasingefika yalikofika.

Kichujio ndicho kilichokuwa tiba. Leica iliwapa wenye M8 vichujio viwili bure vya kuzuia infraredi, vya kufungwa mbele ya lenzi, na mkanda wa nailoni ukarudi kuwa mweusi; hapo ndipo tuhuma ilipogeuka kuwa burhani, kwa sababu kilichobadilishwa ni kitu kimoja na kilichopona ni kitu kimoja. Lakini vichujio vya namna hii havifanyi kazi kwa kunywa mionzi, bali kwa kuirudisha kwa tabaka nyembamba zilizopakwa juu ya kioo, na tabaka hizo zina tabia yake: miale inapozipita kwa mshazari, mpaka wa kukata husogea kuelekea nyekundu inayoonekana. Mwenye lenzi ya milimita 50 haoni lolote. Mwenye lenzi ya upana huona pembe za picha zimepoteza wekundu, zikawa na rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, hata ukuta mweupe ukaonekana umepakwa rangi pembeni tu.

Dawa ya dawa ikatafutwa katika programu ya ndani ya kamera. Leica walikwisha kuanza kuchonga nyuma ya lenzi zao vitundu sita, kila kimoja kikijazwa weusi au weupe, ambavyo kamera huvisoma ikajua ni lenzi ipi iliyofungwa. Programu mpya ikaongezewa chaguo la kuiambia kamera kwamba lenzi hiyo ina kichujio, nayo kamera ikaurudisha wekundu pembeni kwa kiasi cha lenzi ile. Lakini lenzi kuukuu hazikuwa na vitundu, na kuzipeleka kiwandani kulikuwa na gharama yake. Basi watu wakachukua kalamu za wino mweusi usiofutika, wakavitia vidoa wenyewe kwenye pete ya chuma ya shingo ya lenzi, wakiipima nafasi kwa kipande cha karatasi, na kamera ikadanganyika vizuri kabisa. Vidoa hivyo vilifutika kwa kusuguana kila lenzi ilipofungwa na kufunguliwa, ikabidi vitiwe upya. Hata hivyo katika kisa chote hiki sioni ufundi unaonipendeza kuliko huo.

Wako waliouliza kwa nini programu isiufute urujuani bila kichujio. Jibu ni kwamba faili haina habari hiyo tena. Gauni la urujuani halisi na koti jeusi lenye kurudisha infraredi huweza kuandikwa kwa tarakimu zile zile tatu, na hakuna hakimu awezaye kuwatenganisha mashahidi wawili wanaosema neno kwa neno. Hata kile kibao cha rangi 24 ambacho wapiga picha hukipiga ili kuisanifisha kamera yao hakikusaidia sana, kwa kuwa vipande vyake havina nailoni. Kamera hufaulu mtihani wa kibao, kisha ikaanguka mbele ya begi.

Wataalamu wa anga nao walionja jambo hili. Gari la Spirit lilipotua Mirihi Januari 2004 lilikuwa na kibao cha kusanifishia rangi chenye umbo la saa ya jua na vipande vya rangi kwenye pembe zake. Katika baadhi ya picha kipande cha samawati kilionekana cha waridi, na watu wakapiga kelele kwamba picha zimechezewa. Ukweli ulikuwa kwamba mahali pa kichujio chekundu palitumiwa kichujio cha infraredi, na ile rangi ya samawati ilikuwa na tabia kama ya koti letu.

Kwa mpiga picha wa leo jambo hili halijafa, bali limehama. Kamera nyingi za sasa zina kioo cha kutosha, lakini anayepiga video juani, mathalani harusi ya mchana Unguja au Mombasa, hulazimika kuweka kichujio kizito cha giza ili apate kuifungua lenzi yake. Na vichujio vingi vya giza hupunguza mwanga unaoonekana vikaiacha infraredi ipite karibu yote, mfano wa chujio la tui linalozuia machicha na kupitisha mchanga. Hapo buibui la poliesta hutoka la kahawia, na lile la jirani yake, la kitambaa kingine, hubaki jeusi. Asibadilishe mizani ya weupe. Aweke kichujio cha giza kilichotengenezwa kuzuia infraredi pia. Akitaka kuipima kamera yake yenyewe, achukue rimoti ya televisheni, aielekeze kwenye lenzi katika chumba chenye giza, abonyeze: nukta ikiwaka kwa nguvu katika kioo cha kamera, mionzi inapita.

M9, iliyotoka Septemba 2009, ilipewa kioo cha unene wa milimita 0.8, na vichujio havikuhitajika tena. Hata hivyo kioo hicho nacho baadaye kilionekana kuliwa na unyevu, kikaota madoa yaliyoonekana pale tundu la lenzi linapobanwa sana, na Leica ikalazimika kubadilisha vihisi. M8 ingali ikiuzwa mkono kwa mkono, na anayeinunua hana budi kuuliza kama vichujio vyake vimo. Wako hata hivyo wanaoitafuta wakavitupa vichujio hivyo makusudi: huweka mbele ya lenzi kichujio cheusi kinachopitisha infraredi peke yake, na wakati kamera nyingine huhitaji kusimamishwa juu ya miguu mitatu kwa sekunde kadhaa, wao hupiga picha za minazi yenye makuti meupe na mbingu nyeusi kamera ikiwa mkononi.