Linatetemeka Likipanda, Linatulia Likishuka

Gari likitoka bonde la Kanogo na kupanda kupitia Rwandex hadi makutano ya Sonatubes, dereva hana budi kukanyaga mafuta. Kigali iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,567. Hewa ni nyembamba, na injini isiyo na tabo hupoteza sehemu ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Ni katika mpando wa namna hii ambapo gari lililoonekana zima barabara tambarare huanza kutikisa viti na sakafu. Dereva akiachia pedali, kimya. Akikanyaga tena, linarudia.

Wengi hulipeleka kwa fundi wa matairi. Wanalipa balansi, wanalipa alaimenti, na siku ya pili gari linatetemeka palepale.

Haikustahili kuwa hivyo, kwa sababu jiji lenyewe limeshatoa jibu. Tairi lisilo na balansi hutikisa gari hasa likienda kasi, mara nyingi kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, na halijali kama dereva amekanyaga mafuta au ameachia. Ndani ya Kigali, penye kamera ambazo wakazi wamezibandika jina la Sofia, ni nani anayefika kasi hiyo kwa amani? Mtetemo unaotokea kwenye 40, tena wakati wa kuvuta tu, unafuata mzigo wala haufuati kasi. Fundi anayeuliza kama mtetemo unafuata mzigo au kasi kabla ya kushika spana ameshaokoa pesa za mteja.

Washukiwa wakuu wanabaki wawili. Wa kwanza ni moto. Silinda ikishindilia mchanganyiko mwingi wa hewa na petroli, cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo la plagi. Koili iliyochoka hulimudu pengo hilo gari likiwa sailensi, ikashindwa likibebeshwa mlima. Injini inamisi, kama wasemavyo mafundi. (Cha kuchekesha ni kwamba hewa nyembamba ya Kigali huihurumia plagi mbovu: shinikizo ndani ya silinda ni dogo kuliko pwani, hivyo gari hilohilo likishushwa Dar es Salaam huenda likaumwa zaidi.)

Mshukiwa wa pili ni shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele, ambayo fundi wa Kigali aliyerithi maneno ya Kifaransa ataiita kardani. Kiungo chake cha ndani, upande wa giaboksi, ni kikombe cha chuma chenye mifereji mitatu, na katika kila mfereji hutembea rola moja. Gari likivuta, rola hukandamiza ukuta mmoja tu wa mfereji. Mpira unaokifunika kiungo ukichanika, grisi hutoka, vumbi huingia, na ukuta ule huchimbika. Rola hukwama kishimoni kisha huchomoka, na shafti hupigwa teke la ubavuni mara tatu kila inapozunguka. Mlimani pua ya gari huinuka, pembe ya shafti huongezeka, na mateke huzidi. Kiungo cha nje, cha karibu na gurudumu, kina tabia nyingine: kikichoka hugonga ta-ta-ta wakati wa kukata kona.

Sasa ugumu wenyewe. Tairi la 195/65 R15 lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa kilomita 40 kwa saa huzunguka mara 5.6 kwa sekunde. Zidisha kwa tatu, unapata mateke 17 hivi. Injini ya silinda nne ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, huku silinda moja ikimisi, hukosa moto mara 1,000 kwa dakika, yaani 17 hivi kwa sekunde. Namba ni ileile! Ndiyo maana mafundi wawili wazuri hupanda gari moja na kushuka wakibishana.

Kinachowatenganisha washukiwa ni gia. Mlima uleule, kasi ileile ya 40, kwanza gia ya pili, kisha ya tatu. Kasi ya gurudumu haijabadilika, ya injini imebadilika. Mdundo ukipungua baada ya kupandisha gia, kosa liko kwenye moto. Ukibaki ulivyo, ni shafti. Maunti za injini zilizokatika, kwa upande wake, mara nyingi hujidhihirisha kwa mshindo mmoja wa kuondokea.

Kwa upande wa moto, kompyuta husaidia: alama ya P0301 inataja silinda ya kwanza. Lakini haisemi kwa nini. Hamisha koili ya silinda ya kwanza hadi ya tatu. Alama ikihama na kuwa P0303, koili imekamatwa. Isipohama, chomoa plagi, uangalie kama kisima chake kina oili.

Kwa upande wa shafti, kawaida ni kuibadilisha nzima. Pale ambapo vikombe vya kushoto na kulia vinafanana na vinafunguka, ipo hila ya zamani: vibadilishane pande. Rola zitakandamiza ukuta ambao haujaguswa, na kiungo kitapata maisha ya pili. Walioinua magari yao kwa spesa kwa ajili ya barabara za udongo wajue kwamba wameongeza pembe ya shafti, na ulaji wake.

Gari la umeme halina plagi wala koili za kusingizia. Wamiliki wa Tesla Model X walilalamikia mtetemo huu hasa wakati wa kuvuta, zaidi gari likiwa limeinuliwa, na dawa ilikuwa kubadilishiwa shafti za mbele. Kigali ilianza majaribio ya Volkswagen e-Golf mwaka 2019, na kwa magari ya aina hiyo fundi huanzia chini, na tochi, akitafuta mpira uliochanika.