Lumumba ataongea luga gani?

Wandugu, programu ya teatri ya mtaa wetu imetoka: michezo mitatu na moja ya kuimba. Ile ya kuimba, sawa, vijana wataiweza. Yenye inanisumbua ni "Une saison au Congo" ya Aimé Césaire, ya 1966. Kuichagua ni ujasiri, maana Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Lubumbashi yetu hii hii. Lakini wataicheza yote mu Kifaransa. Kwa nani? Kwa siye wenye diplome? Mchezo unaanza na Lumumba anauza bia mbele ya watu. Nani aliisha kuuza bia mu Kifaransa cha Césaire? (Najua, kule Léopoldville ni Lingala.) Ba mama ba soko ya Kenya watalipa, watakaa, watapiga makofi ya heshima tu. Na Mufwankolo na kundi lake walishacheza mambo ya utawala mu Kiswahili chetu, hapa hapa, mu 1986. Basi ninaomba kidogo: yule mpiga sanza, mwenye kuimbia raia habari zao, angalau huyo aongee Kiswahili. Mazoezi bado kuanza, wakati iko.