Nani Dume Hapa? Kusoma Pua ya Baji

Jirani yangu alirudi kutoka sokoni na tundu lenye baji wawili, wale kasuku wadogo wa Australia wasiozidi sana sentimita 18 kutoka utosini hadi ncha ya mkia. Mmoja kijani, pua yake ya buluu iliyopauka. Mwingine manjano mwili mzima, macho mekundu, pua ya waridi. Muuzaji alikuwa amemhakikishia: "Mama, mwenye pua ya buluu ndiye bwana, wa waridi ndiye bibi." Kama nguo za watoto wachanga! Nilipomaliza kuwatazama nilimwambia jozi ni jozi kweli, ila bwana na bibi awabadilishane majina.

Ukimgeuza baji chali hutaona lolote la kukusaidia; dume na jike wote wana tundu moja tu chini ya mkia, la haja na la uzazi. Ndiyo maana watu hukimbilia pua, yaani kile kipande cha ngozi tupu juu ya mdomo chenye matundu mawili ya kupumulia. Kanuni wanayoijua wengi ni kwamba dume ana pua ya buluu na jike ya kahawia. Si uongo. Ila ni kanuni ya ndege waliokomaa, tena wa rangi za kawaida, na hata hapo pua hupima homoni zaidi kuliko inavyotangaza jinsia. Jike anapokaribia kutaga, homoni za kike hupanda na pua hukolea kahawia, ikawa nene na yenye magamba. Akipumzika, hurudi kupauka, pengine hadi weupe wenye kibuluu, na jike wa namna hiyo ni rahisi kuuzwa kama dume. Kinyume chake kipo pia, na kinatisha zaidi: dume mzima ambaye pua yake ya buluu inaanza kuwa ya kahawia mara nyingi ana uvimbe kwenye korodani, ambazo kwa ndege zimo ndani ya tumbo, na uvimbe huo humwaga homoni ya kike. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kwa hiyo mimi huanza na umri. Kinda la baji lina mistari myeusi kwenye paji, inayoshuka hadi karibu na pua. Akipukutisha manyoya ya kwanza, kwenye miezi mitatu au minne, paji hubaki safi. Yule kijani bado alikuwa na mistari yote, na jicho lake lilikuwa jeusi tii bila duara jeupe linalokuja na ukubwa. Kinda, basi. Na kwa kinda usihangaike na ubuluu. Tazama kingo za matundu. Kinda dume ana pua ya rangi moja kote, waridi inayoelekea zambarau. Kinda jike ana buluu hafifu, na kila tundu limezungukwa na duara jeupe kama chokaa. Tulimsogeza dirishani, kwa sababu taa ya sebuleni hutia umanjano kila kitu. Chokaa ilikuwepo.

Wa manjano ndiye fumbo hasa. Rangi yake huitwa lutino: mwili hautengenezi weusi, ndiyo maana macho ni mekundu na mistari haipo. Dume wa lutino hapati pua ya buluu maisha yake yote. Hubaki na ile ya waridi ya utotoni. Jike wa lutino hufuata njia ya majike wengine, weupe kisha kahawia. Huyu jicho lilikuwa na duara la mtu mzima, na pua laini, rangi moja, bila chokaa hata chembe. Dume.

Kuimba mfululizo na kutikisa kichwa ni mambo ya madume zaidi, lakini nimesikia majike wanaoimba vizuri. Pete inayoning'inizwa juu ya ndege ili kujua jinsia yake ni mchezo tu. Anayetaka jibu lisilobishaniwa apeleke unyoya uliong'olewa na mzizi wake maabara, wapime jeni ya CHD1, kipimo kilichotangazwa mwaka 1998 na Richard Griffiths na wenzake: jike hutoa mistari miwili, dume mmoja.

Jirani hakuhitaji maabara, hata kwa makinda ya jozi hii: rangi ingetosha. Ndege ni kinyume cha sisi: dume ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z moja na W. Jeni ya lutino imo kwenye Z, na Z ya kawaida huifunika. Baba akiwa lutino na mama kijani, kila binti hupokea Z moja tu, ya baba, hana cha kuifunika, anatoka manjano. Kila mwana hupata pia Z ya mama, anatoka kijani.

Karibu mwaka ulipita. Pua ya yule kijani ikawa kahawia ya chokoleti, akataga mayai manne, na siku kama 18 baadaye makinda yakaanza kuanguliwa, uchi, macho yamefumbwa. Nilimulika tochi kidogo. Watatu walikuwa na macho meusi chini ya ngozi ya kope, mmoja, mekundu.

"Una uhakika?" jirani akauliza.

Nikamwambia huyo amtafutie jina la kike mapema, kabla hajafumbua macho.